Watu wa Unga wa Kilbrannoch

Mwezi ule wa Februari watoto wa shule ya Lorrach walikula supu iliyokolea chumvi wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kurudisha bakuli. Mpishi wao, Dolina MacFennan, alikuwa amepandwa na mori. Alikata karoti kwa nguvu za mtu anayepasua kuni, na mwalimu mkuu alipochungulia jikoni kuuliza kulikoni, aliambiwa afunge mlango, baridi inaingia.

Hasira zake zilikuwa za haki. Tuliseme hilo mapema, asije mtu akatarajia kusikia hapa pande zote mbili zikipimwa kwenye mizani.

Mama yake, Chirsty, alikuwa kitandani tangu theluji ya mwaka mpya, mapafu yamechoka, na daktari alikuwa ameacha kujifanya kwamba kuna dawa. Bibi huyo alikuwa na ombi moja tu lililobaki: akifa alazwe Kilbrannoch, ubavuni mwa mumewe Sandy. Kilbrannoch ni makaburi ya zamani ya bonde lile, juu ya kilima kinachotazama ziwa, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Sandy, mchunga kondoo maisha yake yote, alizikwa pale Dolina angali msichana, na nafasi ya kushoto kwake iliachwa wazi kwa ajili ya mkewe. Hilo lilijulikana na kila mtu. Kila mwisho wa kiangazi Chirsty alipanda na mundu wake kufyeka majani ya nafasi hiyo, akirudi anasema amekwenda kutandika kitanda.

Sasa kwenye kitanda hicho kulikuwa na vigingi vinne vyeupe.

Vigingi vilipigwa kwa amri ya Wakili Roderick MacFennan wa Glasgow. Shamba kubwa la bonde lile lilipouzwa, makaburi yaliangukia mikononi mwa Jumuiya ya Ukoo wa MacFennan, na mwenyekiti wa Jumuiya alikuwa ni yeye. Kwa kuwa kilima kile ni mwamba na udongo wake ni mchache, Wakili aliandika kanuni: nafasi zilizosalia ni za wazao wa damu ya machifu wa MacFennan, na wenzi wao, tena kwa ushahidi uliotiwa saini na mtafiti wa nasaba. Vile vigingi vinne vilikuwa vya daktari wa macho wa Toronto, ambaye ushahidi wake ulikwisha kukubaliwa. Daktari huyo alikuwa ameiona Kilbrannoch mara mbili, na mara ya pili hakushuka garini kwa sababu ya mvua.

Wakili aliitangaza kanuni hiyo kwenye ukumbi wa kijiji, na aliyekuwa anammiminia chai wakati anatangaza alikuwa Dolina.

"Ni utaratibu tu, Dolina," alimwambia akipokea kikombe. "Wewe usiwe na wasiwasi. Jina lako si linajieleza?"

"Kama linajieleza, mbona unataka nilieleze?"

Wakili alicheka na kuchukua biskuti.

Kilichomkata maini zaidi Dolina ni kwamba Jumuiya ile alikuwa ameitumikia kwa moyo wake wote. Kila Agosti, wana wa ukoo walipokuja kutoka Kanada na New Zealand na sketi zao mpya za mistari, ni yeye aliyewapikia mchuzi wa kondoo. Wageni waliposikia amezaliwa palepale, machozi yaliwalengalenga, wakamshika mkono kama wanaoshika mti mtakatifu. Na tusimfiche: alipenda. Alikuwa na skafu ya rangi za ukoo aliyoivaa kila Jumapili, na aliamini kabisa, kwa sababu shangazi mmoja alimwambia hivyo utotoni, kwamba damu ya machifu inapita kwenye mishipa yake na ndiyo iliyompa pua ile ndefu. Kudaiwa ushahidi na mtu aliyekuja juzi na gari jeusi kulikuwa tusi. Lakini kigingi kilikuwa kimekwisha kupigwa, na mama anakohoa chumba cha pili. Alipiga moyo konde akaenda mji wa Dingwall kumwona mtafiti wa nasaba, Murdo Geddes.

Murdo Geddes alifundisha jiografia hadi alipostaafu, kisha akawatolea maisha yake yote watu waliokufa. Yeyote aliyebisha hodi akitaka kujua anatoka wapi alikaribishwa, akapewa chai, akatafutiwa babu zake miezi hata miaka, na malipo yalikuwa keki. Pamoja na wema huo, nusu ya watu aliowasaidia hawakumpigia simu tena. Alikuwa hajui kusema uongo wa adabu. Aliwahi kumweleza bwana mmoja wa Australia kwamba babu yake shujaa alifukuzwa nchini kwa kuiba kondoo, kisha akashangaa bwana yule alipoanza kulia.

Hakumuuliza Dolina habari za machifu. Alimuuliza wavulana wa kwao waliitwa nani, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kule watoto hawapewi majina hivihivi. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama, wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao, na anayeruka mtu huanzisha ugomvi wa kufa na kuzikana. Dolina mwenyewe ni Donald aliyekosa kuwa mvulana: babu mzaa baba alikuwa Donald, wavulana hawakuja, basi mtoto wa kike akabebeshwa jina na kutiwa mkia wa kike. Murdo alipanda kwa majina hayo kama mtu anayepanda ngazi, na kila kidato alikijaribu kwanza kwenye vitabu vya kanisa kabla ya kukikanyaga.

Kila Jumamosi Dolina alimwachia jirani mama yake akaenda Dingwall. Alikwenda kwa kununa, lakini wiki hadi wiki kununa kukamtoka. Walikuwa watu wake wale. Alimkuta vitabuni bibi mmoja aliyezaa watoto kumi na mmoja na kuzika saba, akakaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini. Alimkuta mwingine aliyeitwa mbele ya wazee wa kanisa kwa kosa la kukausha nguo Jumapili, akamtania mama yake wiki nzima kwamba sasa ajua kiburi chake kimetoka wapi. Chirsty alicheka mpaka akakohoa.

Mapema Aprili Murdo alimpokea bila kumwonyesha kiti.

"Kuna jambo limenisumbua tangu mwanzo, nikanyamaza nipate hakika," alisema. "Kwenu ni Sandy, Donald, Sandy, Donald, mpaka juu. Nyumba ya chifu ni Roderick na Torquil. Watu wa damu ya chifu wangekaa vizazi vyote hivyo bila Roderick hata mmoja?"

"Labda walikosana."

"Hawakukosana, Dolina. Hawakuwa ndugu."

Akamweleza. Kulikuwa na mwaka wa njaa bondeni, mavuno yameozea shambani kwa mvua. Chifu wa MacFennan alitaka kuonekana mkubwa mbele ya mfalme, na ukubwa ulihesabiwa kwa wanaume wanaobeba jina lako na wanaoweza kubeba silaha. Akatangaza kwamba kila nyumba itakayolichukua jina lake itapewa gunia la unga wa oti. Mhunzi Alexander Gow, Sandy kwa kifupi, alikuwa na watoto watano. Alikwenda kulala Gow, akaamka MacFennan, na kasisi akaandika hivyo waziwazi alipombatiza wa sita.

Dolina alihisi masikio yanawaka moto. Miaka yote ile ya skafu. Alimuuliza Murdo kama ana hakika, akaambiwa ndiyo. Alimuuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, akapata jibu lilelile.

"Basi andika kwamba alikuwa MacFennan," alisema. "Si alikuwa? Unga aliula, jina akalibeba, na vijana wake wawili walikufa vitani na jina hilohilo. Alilipa. Andika tu."

"Nitaandika kwamba alilichukua jina. Kwamba alizaliwa nalo siwezi."

"Mama yangu anakufa, Mwalimu."

"Najua."

"Na wewe unanisomea vitabu. Mtu mzima hovyo kabisa, unajali waliooza kuliko walio hai."

Murdo alikuwa amekwisha kuambiwa maneno hayo na watu wengi, akiwamo mkewe. Dolina alitoka akaubamiza mlango hata picha ukutani ikaenda upande, na njia nzima ya kurudi alimtukana kwa Kigaeli, lugha aliyokuwa haitumii siku hizi isipokuwa kwa kondoo na kwa mambo mazito.

Aliapa hatamwambia mama yake. Lakini Chirsty alikuwa amemlea, akamwona tu namna anavyokunja mablanketi, akamwambia atoe kilichomkwama. Dolina akatoa: wahunzi, njaa, gunia, yote. Aliposema neno unga, uso wa bibi yule ulifunguka.

"Kwani hukujua?"

"Nijue vipi, mama?"

"Bonde zima ni watu wa unga, mwanangu. Bibi yako mzaa baba, siku niliyoolewa, alinishika sikio akaniambia nisijitie ukubwa, nimeolewa na gunia. Wanawake walikuwa wakigombana kisimani ndilo tusi lao la kwanza: Unga haujakukauka mdomoni. Wewe hukuwahi kulisikia?"

Dolina hakuwahi. Wazee walioyajua hayo walifunga midomo wageni wa Agosti walipoanza kuja, kwa sababu wageni walitaka machifu, na mgeni aliyelala kwako hukutaka kumpa habari ya gunia pamoja na kifungua kinywa. Kizazi cha Dolina kilikua kikisikia machifu peke yao. Watu walijidanganya kwa ukarimu, na uongo ule ukageuka kanuni ya kuwafungia makaburi yao wenyewe.

"Na machifu wamezikwa wapi pale Kilbrannoch?" aliuliza Dolina taratibu.

"Kilbrannoch? Wale?" Chirsty alicheka hadi akaomba maji. "Walizikwa kanisa kuu la mjini, sakafuni, na sanamu juu yao. Unadhani wangekubali kulala na baba yako?"

Kesho yake, ingawa haikuwa Jumamosi, Dolina alikuwa mlangoni kwa Murdo Geddes na keki ya zabibu kavu iliyofungwa kwa kitambaa, kubwa kama kichwa cha ndama. Hakuomba radhi kwa maneno, keki ilitosha. Alimwambia amwandikie ushahidi wake kama ulivyo, gunia na yote, na atie saini kubwa. Murdo akaandika. Kisha Dolina akamuuliza kama aliwahi kuchunguza nasaba ya Wakili Roderick.

Murdo alianza kukoroga chai yake. Haikuwa na sukari.

"Habari ya mtu niliyemfanyia kazi siisemi," alisema. "Hata mke wangu sikumwambia ya mtu."

"Kwa hiyo ulimfanyia kazi."

"Sikusema hivyo."

"Alikuja hapa, akakaa kiti hiki, ukamwambia naye ni wa unga, hata hilo jina Roderick ni la kuazima. Kisha akaenda akaandika ile kanuni."

Murdo aliendelea kukoroga. Dolina aliinuka, na safari hii aliufunga mlango polepole. Hasira za siku zote zilizopita zilikuwa za moto wa majani. Hii ilikuwa nyingine. Mtu kutojua ni jambo moja. Kujua kwamba babu yako alipanga foleni ya unga pamoja na babu za wenzako, kisha ukaja kuwauliza wenzako wao ni nani, hilo halina jina, na kama lina jina basi si la kuandikwa.

Ukumbi ulijaa kwenye kikao kilichofuata, maana Dolina alikuwa amesema jikoni kwamba ana neno, na neno la jikoni hufika kila nyumba kabla ya chakula cha mchana. Wakili Roderick alikaa meza kuu. Murdo Geddes pia alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na makoti. Safari hii Dolina hakumimina chai. Alisimama katikati akasoma ushahidi wake bila kuruka kitu: sisi ni Gow, wahunzi, si damu ya chifu, tulilichukua jina lake mwaka wa njaa kwa gunia la unga. Halafu akaikunja karatasi.

Watu waliinamisha macho kwa aibu, ile aibu ya mtu aliyevua nguo mbele za watu. Halafu Bella wa posta, mzee wa kupita wote mle ndani, akasimama kwa fimbo yake.

"Na sisi tulikuwa Bain," alisema. "Gunia moja, na lilikuwa na wadudu."

Kicheko kilichotoka kilikuwa cha watu waliobeba kitu miaka mingi wakakitua. Mwingine akasema kwao pia, na mwingine, mpaka upande mzima wa dirishani ukawa umekiri unga. Wakili aligonga meza. Alisema anashukuru kwa uwazi huo, ila ndiyo kusema Dolina mwenyewe ameonyesha kwamba hatimizi masharti.

"Nimeonyesha," alisema Dolina. "Sasa onyesha na wewe."

"Nasaba yangu imekwisha kuthibitishwa."

"Na nani?"

Wakili alizipanga upya karatasi zake.

"Mwalimu Geddes yuko pale kwenye makoti," Dolina aliendelea. "Ya mtu hasemi mpaka aruhusiwe na mwenyewe. Mruhusu, Wakili. Neno moja tu. Mwambie aseme, tukusikie na wewe, halafu nitakwenda nyumbani nikamwambie mama yangu atafute pengine."

Vichwa vyote viligeuka nyuma, kisha vikarudi mbele. Murdo alikuwa anatazama viatu vyake. Wakili alikunywa maji.

"Mambo ya familia yangu ni siri yangu."

"Ya familia yangu mbona uliyataka mezani?"

Hakuna aliyehitaji tena Murdo aseme chochote, na ndiyo maana mtu yule mgumu hakulazimika kuvunja mwiko wake. Wakili alikusanya karatasi akasema kanuni haiwezi kubadilishwa hapo, itajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa Agosti.

"Mama hana Agosti," alisema Dolina.

Kweli hakuwa nayo. Chirsty alifariki mwezi wa Mei, asubuhi, dirisha likiwa wazi, baada ya kulalamika kwamba uji ni mwepesi. Dolina hakumwandikia mtu kuomba ruhusa. Alikwenda Kilbrannoch na koti la mvua, akang'oa vigingi vinne kwa mikono yake, akavitupa nje ya ukuta. Aliposhuka alikuta wanaume wa bonde wanapanda na makoleo, bila kuitwa. Walichimba ubavuni mwa Sandy mpaka wakafika mwamba.

Siku ya maziko mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyolowesha mpaka unapoisahau. Jeneza lililazwa juu ya mbao, kamba zake nane zimelala pembeni. Kwa desturi za kule, kila kamba hupewa ndugu wa marehemu, na ya kichwani ni ya mtoto mkubwa wa kiume. Zamani wanawake walisimama mbali. Mzishi alipotazama huku na huku akitafuta mwanamume wa kumpa, Dolina alikuwa ameshaiokota. Nyingine alizigawa mwenyewe: Bella wa posta, Murdo Geddes, na majirani. Ya miguuni ikabaki.

Ndipo watu walipomwona Wakili Roderick langoni. Alikuwa amevaa suti nyeusi, si sketi ya ukoo, na hakuna aliyejua kama alikuja kuzuia au kuomboleza. Pengine hata yeye hakujua. Aliviona vigingi kwenye majani. Dolina alimtazama kutoka ng'ambo ya shimo. Hakuwa amemsamehe, na mpaka leo hajamsamehe; ukimtajia utaona.

"Mtu wa unga," alimwita, mbele ya kasisi na bonde lote. "Kuna kamba moja imekosa ndugu. Njoo uishike."

Kasisi alisubiri na kitabu chake wazi. Mikono mingine ingeweza kuinama kuichukua ile kamba. Hapakuwa na hata mmoja ulioinama. Wakili alisimama langoni muda wa kulowa kabisa, kisha akaja, akainama, akaizungusha mkononi mwake kwa ugeni wa mtu asiyewahi kushika kamba ya maana.

Dolina hakumshukuru. Alimwambia aishike kwa mikono miwili.